Uzi Uliovuka Bahari

Katika jarida la kumbukumbu kama hili, ni desturi kuwataja kwa majina waliochanga, waliojenga na waliosimamia, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, wapo watu ambao kazi yao ilizaa biashara iliyowaleta wazee wetu katika nchi hii, na majina yao hayamo katika daftari lolote. Hao ni wanawake waliosokota uzi. Tumeona vema, pamoja na majirani zetu wa Singida, tuitazame historia ya ufumaji, kwa kuwa Gujarat na bara la Tanganyika zilifahamiana kwa njia ya nguo kabla ya kufahamiana kwa njia nyingine.

Tuanze na neno. Katika Kisanskriti, sutra maana yake ni uzi. Na ndilo jina walilopewa mafundisho mafupi yaliyotungwa ili yashikwe moyoni. Katika Rig Veda, Usiku na Alfajiri wanasawiriwa kama wafumaji wawili wa kike wanaoufuma uzi uliotandwa. Kwa hiyo tangu zama za kale, kupita kwa siku kulifananishwa na kazi ya mwanamke aliyeketi penye mtande na mshindio. Baadaye sana, katika karne ya 15, mji wa Varanasi ulimpata Kabir, mfumaji kwa kazi, aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu, ambaye mashairi yake yamependwa na Wahindu, Waislamu na Masingasinga hadi leo.

Hekaya ijulikanayo zaidi ni ya Draupadi katika Mahabharata. Yudhishthira, mumewe, alimpoteza katika mchezo wa kamari, naye akaburutwa hadi barazani mbele ya wakuu. Dushasana akaishika nguo yake na kuivuta ili amwaibishe, lakini kila alipovuta nguo ilizidi kutoka, hata akachoka. Masimulizi ya watu huongeza kwamba hapo awali Draupadi alirarua kipande cha sari yake ili kukifunga kidole cha Krishna kilichokuwa kikitoka damu, na kipande kile ndicho alicholipwa siku ya fedheha. Wazee wetu wameisimulia hekaya hii kufundisha kwamba nguo ni heshima ya mtu. Hekaya haisemi ni nani aliyeisokota nyuzi za sari ile, wala historia haikuwahi kuliuliza swali hilo mara nyingi.

Huko Gujarat, mara nyingi mwanamume ndiye aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi, na kwa hiyo sifa ya nguo ilikuwa yake. Lakini mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bure, na wasokotaji hao walikuwa mama, mke, binti na jirani mjane. Walisokota baada ya kupika na kuteka maji. Mfinyanzi hulia gaeni, na msokotaji naye mara nyingi alivaa kuukuu.

Pwani yetu nayo haikungoja kufundishwa. Wanaakiolojia waliochimba Kilwa Kisiwani walikuta vigurudumu vidogo vya kusokotea, vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza jambo ambalo latugusa zaidi. Watu wa Sofala, asema, walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini hawakuwa na rangi ya kuzitia. Basi walizifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay katika Gujarat, kisha wakazifuma upya nyuzi zile pamoja na nyuzi zao nyeupe. Uzi wa mwanamke wa Gujarat na uzi wa Mwafrika ukalala katika nguo moja, miaka 500 iliyopita.

Katika karne ya 19 nguo zikaingia bara kwa wingi. Nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Mundra katika Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Unguja kwa miaka mingi na kuikopesha misafara bidhaa. Kaniki, nguo iliyotiwa nili, ilitoka Kutch na Gujarat. Merikani ililetwa na Wamarekani kutoka Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoipunguza merikani, nafasi yake ilikuja kuchukuliwa na viwanda vya Bombay. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali, katika nchi ambayo leo ni Manyoni na Itigi, kusini mwa mkoa wetu. Watawala wa Ugogo walitoza hongo kwa nguo. Neno doti, ambalo kila mama sokoni hulitumia anunuapo kanga, limetokana na dhoti ya Bara Hindi.

Wanyaturu wa zama hizo walivaa ngozi zilizolainishwa, na wanawake walizipamba kwa shanga. Magharibi yao, Unyamwezi na Ufipa, palikuwa na pamba na vitanda vya kufumia. Nguo za Ufipa zilikuwa nene na imara, lakini zilichukua siku nyingi kufumwa, na hazikuweza kushindana kwa bei na nguo iliyoshushwa kwa marobota. Vitanda vile vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Ni haki tuyataje haya, kwa sababu sehemu ya nguo hizo ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa asili yetu.

Ni haki pia kukumbuka kwamba Gujarat yenyewe ilipatwa na yayo hayo. Nguo za viwanda vya Uingereza, na baadaye za Bombay, ziliwanyang'anya wasokotaji wa vijijini riziki yao. Gandhi alipolitafuta gurudumu la kusokotea, charkha, alitafuta kwa muda mrefu bila mafanikio. Aliyeliona ni mjane, Gangaben Majmundar, katika mji wa Vijapur. Magurudumu yalikuwa yamewekwa darini kama vitu visivyo na kazi. Wenye nyumba walikuwa tayari kusokota tena, ila kwa sharti: wapatiwe pamba iliyochambuliwa, na uzi wao upate mnunuzi. Khadi, nguo iliyovaliwa na taifa zima katika kudai uhuru, ilianza na sharti hilo la wanawake.

Sharti hilo lipo hapa Singida leo. Wanawake wa vijiji vyetu husuka vikapu kwa nyasi na nyuzi za katani, kwa ujuzi ambao binti huurithi kwa mama yake. Zamani vikapu hivi vilibeba mtama na uwele. Siku hizi vingine huuzwa ng'ambo na kupamba nyumba za watu ambao hawataijua Singida. Ujuzi haujapungua. Wanachohitaji wasukaji ni kile kile walichokitaka wanawake wa Vijapur: malighafi, na mnunuzi anayelipa bei ya siku zilizotumika.

Kwa hiyo tunatoa ombi moja kwa wasomaji. Katika harusi zetu bibi arusi huvaa panetar, ambayo kwa desturi huletwa na mjomba wake, na gharchola ya upande wa mume. Majirani zetu nao humtunza bibi arusi kwa doti za kanga. Tunapozipokea nguo hizi, tumtaje aliyezifuma, kama tunamjua. Tunaponunua kikapu, tuulize jina la aliyekisuka, na tusimpunje. Na bibi zetu wangali wakikumbuka nani alisokota, nani alitarizi na nani alisuka, tuyaandike majina hayo, ili jarida la kumbukumbu litakalofuata liyachapishe pamoja na ya wafadhili.

Tunawatakia waumini na majirani wote heri na amani.