Malimbikizo ya Fidia ya Ulemavu na Hesabu ya Umaskini katika Ukanda wa Dhahabu

Fidia ya ulemavu ikichelewa mwaka mmoja na nusu kisha ikalipwa kwa mkupuo, huifanya kaya iliyofilisika ionekane imetajirika. Hoja ya makala haya ni kwamba malimbikizo ni kipato cha miezi iliyokwisha kupita, na hayapaswi kupimwa kama mali ya siku yalipoingia. Kanuni hiyo inahitajika zaidi katika maeneo ya dhahabu ya Tanzania kama Kahama, Msalala na Geita, ambako kazi ya mgodini huvunja miili ya watu na kaya nyingi huishi karibu mno na mstari wa umaskini.

Mifumo miwili inakutana hapa. Wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mfuko huchangiwa na mwajiri peke yake, na miongoni mwa mafao yake yamo malipo ya ulemavu wa kudumu na malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Wa pili ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao umekuwa ukiwalipa walengwa ruzuku kila baada ya miezi miwili. WCF humtazama mfanyakazi na mshahara wake. TASAF huitazama kaya nzima: huanza na mkutano wa kijiji, kisha hufuata dodoso linalokadiria hali ya kaya kwa kuangalia mambo kama nyumba, mifugo na vyombo vilivyomo.

Kuchelewa kuna sababu zake. Kiwango cha ulemavu wa kudumu hakiwezi kupimwa kabla jeraha halijatulia. Mwajiri asipojaza fomu kwa wakati, shauri hulala. Kwa ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la mawe hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa dalili zake hufanana na za kifua kikuu. Mtu aliyesimama miaka mingi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anaweza kumaliza dozi ya kifua kikuu bila nafuu kabla daktari hajafikiria vumbi.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kibarua wa mtambo wa marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa), mwenye mkataba, anastahili pensheni ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Inachelewa miezi 18. Katika muda huo kaya yake inaingia TASAF kwa haki kabisa: ng'ombe wameuzwa, duka la jirani linadai, shamba limekodishwa. Kisha zinaingia shilingi 1,080,000 kwa siku moja. Nusu inalipa madeni, na nusu inanunua bati na ndama. Dodoso likija, linaona bati na ndama. Deni lililolipwa halionekani, na ng'ombe waliouzwa hawapo zizini ili wahesabiwe. Majirani nao wamekwisha kusikia kwamba fulani "amelipwa mamilioni", na neno hilo lina uzito mkubwa mkutanoni kuliko karatasi yoyote. Kaya inaondolewa kwa utajiri ambao kwa kweli ni urejeshwaji wa kile ilichopoteza.

Nakubali kwamba pensheni ya kila mwezi inayoendelea ni kipato, na TASAF ina haki ya kuihesabu kuanzia mwezi inapoanza kuingia. Fedha za ruzuku ni chache, na kaya nyingine zinasubiri nafasi. Ninachokataa ni kuhesabu mwezi mmoja mara mbili: kwanza kama mwezi wa njaa, halafu kama sehemu ya mkupuo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la mhudumu. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huhudumiwa na mkewe, mama yake au, mara nyingi, binti yake. Ruzuku ya TASAF iliwekewa masharti ya elimu na afya: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na kaya isipotimiza sharti ikatwe fedha. Binti akibaki nyumbani kumwogesha baba wakati mama yuko kibaruani, sharti linavunjika. Kama malipo ya mhudumu yangefika kwa wakati, mama angeacha kibarua na binti angekwenda shule. Basi malipo hayo yanapokuja kwa kurudi nyuma, yanathibitisha kwamba utoro ule ulitokana na haki iliyocheleweshwa. Haki ikitambuliwa kuanzia mwezi wa kwanza wa ulemavu, makato ya miezi hiyohiyo nayo yafutwe.

Uingereza, ambako posho za walemavu na za wahudumu ni za zamani na zimefungamana, imelazimika kuandika kanuni za namna hii. Malimbikizo ya mafao kwa kawaida hayahesabiwi kama akiba kwa miezi 12 tangu yalipwe, ili mtu asipoteze msaada unaotegemea kipato kwa sababu tu serikali ilichelewa kumlipa. Anayemhudumia mlemavu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki ana posho yake mwenyewe, na dai lake, likiletwa ndani ya miezi mitatu baada ya uamuzi kuhusu mlemavu, hurudishwa nyuma hadi tarehe ambayo posho ya mlemavu huyo ilianza kulipwa. Mfumo wao una matatizo mengi, lakini suala la mkupuo hawakuliacha mikononi mwa mkutano wa mtaa. Kenya, kwa upande mwingine, hulipa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa kupitia mhudumu mwenyewe, na hilo peke yake linamfanya aonekane katika vitabu vya serikali.

Haya yote yanamhusu mwenye mkataba, na wachimbaji wadogo wengi hawana. Wachimbaji watano waliotolewa hai Nyangalata, Kahama, Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi walikuwa wachimbaji wadogo. Mchimbaji wa namna hiyo anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe hana hati ya mshahara, wala kwa kawaida hana mwenye duara (shimo la kuchimbia) anayemchangia WCF. Yeye akivunjika mgongo hana malimbikizo ya kugombania. TASAF ndiyo kinga pekee ya kaya yake, na hilo linaonyesha uzito wa nafasi katika orodha ile, ambayo mwenye malimbikizo asiipoteze kwa kosa la hesabu.

TASAF iandike katika mwongozo wake kwamba malimbikizo ya fidia, pamoja na vilivyonunuliwa kwayo, yasiingizwe katika tathmini ya kaya kwa miezi 12. WCF, kwa upande wake, imkabidhi kila anayelipwa mkupuo barua inayoonyesha malipo ni ya miezi ipi na kiasi gani ni cha mhudumu. Barua hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla jina la mtu yeyote halijafutwa.