Futsali: wanawake wa Brazili walishinda dunia mara sita kabla ya Kombe la Dunia kuwepo

Tarehe 7 Desemba 2025, katika mji wa Pasig nchini Ufilipino, ekipe ya taifa ya wanawake wa Brazili iliifunga Ureno mabao 3 kwa 0 na kubeba Kombe la Dunia la kwanza la futsali ya wanawake. FIFA ikawaandika kuwa mabingwa wa kwanza. Kwa vitabu vya FIFA ni kweli. Lakini wanawake wa Brazili walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa wa dunia mara sita kabla ya siku ile, katika mashindano ambayo FIFA haikuyaandaa wala kuyahesabu. Na mama zao na bibi zao walikatazwa mchezo huu na serkali yao wenyewe, kwa maandishi.

Kwa wale wasioufahamu vizuri, futsali ni kabumbu ya ukumbini. Watu watano kila upande, mlinda lango akiwa mmoja wao. Uwanja wa mechi za kimataifa una urefu wa metre 40 hivi na upana wa metre 20, mpira ni mdogo na haudundi sana, na saa inasimama kila mpira unapotoka nje. Vipindi ni viwili, dakika 20 kila kimoja. Mchezaji anatoka na kuingia muda wowote bila kungoja mwamuzi. Mchezo ulizaliwa Montevideo, Uruguay, mwaka wa 1930, pale mwalimu Juan Carlos Ceriani alipotafuta namna ya kuwachezesha vijana mpira ndani ya jengo la chama cha vijana Wakristo. Ukavuka mpaka kuingia Brazili, na Wabrazili wakaushika kama vile ulizaliwa kwao. Ronaldinho na Neymar wote walijifunza kuchezea mpira katika kumbi hizo. Ni wanaume, bila shaka. Historia ya wanawake ilipita njia nyingine.

Mwaka wa 1940 wasichana wa vitongoji vya Rio de Janeiro walikuwa na timu zao za kabumbu, na mwezi wa tano mwaka ule walialikwa kucheza mbele ya watu katika uwanja wa Pacaembu, São Paulo. Jambo hilo liliwaudhi wengi. Raia mmoja aitwaye José Fuzeira alimwandikia barua rais Getúlio Vargas, akisema mpira utaharibu miili ya wasichana ambao wameumbwa ili wawe mama. Barua haikutupwa. Ilipita kwa madaktari wa serkali, magazeti yakaichapisha, na tarehe 14 Aprili 1941 Vargas akatia sahihi amri ya sheria nambari 3.199. Kifungu cha 54 kilisema wanawake hawaruhusiwi kucheza michezo isiyopatana na maumbile yao.

Sheria hiyo haikutaja mchezo hata mmoja kwa jina, kwa hiyo palibaki mwanya. Mwaka wa 1958, katika mji wa Araguari, jimbo la Minas Gerais, wasichana walikusanywa wacheze mechi ya kuchangia shule. Watu walijaa uwanjani. Wakaalikwa miji mingine, sifa zao zikaenea, na mwaka uliofuata wakazimwa. Halafu mwaka wa 1964 wanajeshi walichukua madaraka, na mwaka wa 1965 Baraza la Taifa la Michezo likauziba mwanya kabisa. Safari hii orodha iliandikwa: mapigano ya aina yoyote, kabumbu, kabumbu ya ufukweni, raga, kunyanyua vyuma na mingine. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa pia na kabumbu ya ukumbini. Yaani futsali yenyewe, kwa jina lake.

Katazo liliondolewa mwaka wa 1979. Hesabu yake ni miaka 38. Msichana aliyekuwa na miaka 10 wakati Vargas anatia sahihi alifikisha 48 ndipo akaruhusiwa kugusa mpira kwa sheria. Ni hapo mtu anapaswa kusimama kidogo anaposikia watu wakisema kwamba wanawake wa Amerika ya Kusini walichelewa kwa sababu hawakupenda mpira.

Baada ya mlango kufunguliwa, futsali iliwafaa wanawake kwa sababu rahisi. Kabumbu ya uwanja mkubwa inataka watu 11, inataka majani, inataka klabu yenye mali, na klabu hizo zilikuwa za wanaume. Futsali inataka watano na sakafu ya saruji. Sakafu hizo zilikuwa kila mahali Brazili: mashuleni, parokiani, katika mitaa ya wafanyakazi. Mwaka wa 1992 yakaanza mashindano ya taifa ya klabu za wanawake. Ekipe ya taifa yenyewe iliundwa mwaka wa 2001, miaka 22 baada ya sheria kufutwa. Ilipofika 2005, shirikisho la Amerika ya Kusini likaanzisha Copa América ya wanawake, na Brazili ikaibeba. Ikaibeba tena 2007, 2009 na 2011. Kolombia ndiyo iliyovunja mfululizo huo mwaka wa 2015, na hadi leo Wakolombia hawaisahau.

Tatizo lilikuwa juu zaidi. FIFA ilianza Kombe la Dunia la futsali la wanaume mwaka wa 1989 nchini Uholanzi. Wanawake hawakuwekewa kitu. Miaka ikapita, wanaume wakaenda makombe matano, sita, na wanawake bado wakiangalia kwenye televisheni. Mwishowe mashirikisho ya nchi kadhaa yakaamua yasingoje tena. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2010 yakakutana Hispania, wakaita mashindano ya dunia, na Brazili ikawafunga Wareno katika fainali. Mwaka uliofuata yalichezwa Fortaleza, Brazili. Halafu Ureno 2012, Hispania tena 2013, Kosta Rika 2014, Guatemala 2015. Mara sita, na mara zote sita mshindi alikuwa Brazili. Ni nadra ekipe yoyote ya mchezo wowote kufanya hivyo. Pamoja na hayo, mashindano hayakuwa na muhuri wa FIFA, hivyo nyota za kushona juu ya jezi zilikuwa za kujihesabia wenyewe. Baada ya 2015 hayakuendelea tena.

Katika miaka hiyo walitokea wachezaji wawili ambao majina yao yanafaa kujulikana hata huku kwetu. Wa kwanza ni Vanessa Pereira, aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia mara tatu mfululizo, 2010 hadi 2012. Wa pili ni Amandinha, binti wa Fortaleza aliyezaliwa 1994. Yeye alichaguliwa mara nane mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2021. Alicheza Leoas da Serra, klabu ya mji wa Lages ambayo jina lake maana yake ni simba majike wa milimani, kisha akaenda Hispania. Mara nane bora duniani, na wakati wote huo hapakuwa na Kombe la Dunia la kumwekea!

Sababu ya wengi kwenda Ulaya ni mshahara. Hispania na Italia zilikuwa na ligi zinazolipa, na Wabrazili walizijaza. Nyumbani mambo hayakuwa rahisi: shirikisho la futsali la Brazili liliingia katika shida za fedha, na ni mwaka wa 2021 ndipo shirikisho kubwa la kabumbu, lile linalosimamia akina Neymar, lilipochukua ekipe za taifa za futsali. Wakati huo Wazungu nao hawakulala. Ulaya ilianzisha kombe lake la wanawake mwaka wa 2019, na wasichana wa Ureno walikuwa wamekwisha kuchukua dhahabu katika Olimpiki ya vijana, Buenos Aires 2018. Brazili kule ilipeleka wavulana tu.

FIFA ilikubali kuanzisha kombe la wanawake mwaka wa 2022. Ufilipino ikapewa kuandaa, ekipe 16 zikatafutwa. Amerika ya Kusini ilipata nafasi tatu: Brazili, Argentina, Kolombia. Afrika ilipata mbili, na hapa kuna jambo la kuwafurahisha wasemaji wa Kiswahili. Katika kombe la Afrika lililochezwa Rabat mwezi wa nne 2025, Tanzania ilifika fainali ikafungwa na Moroko 3 kwa 2, na wote wawili wakapanda ndege kwenda Ufilipino. Tanzania iliwekwa kundi moja na Ureno, Japani na Nyuzilandi. Haikuvuka, lakini ilicheza. Wanawake wa Brazili walihitaji miaka mingi sana kufika mahali pale ambapo Watanzania walifika mara ya kwanza kombe lilipoitwa.

Kocha Wilson Sabóia aliwapeleka Wabrazili wakiwa na Amandinha ndani ya kikosi, sasa ana miaka 31. Waliwatoa Wahispania katika nusu fainali, kisha wakakutana na Ureno, wale wale wa fainali ya 2010. Wengi wa wanawake waliocheza siku ile Hispania hawakuwa tena uwanjani Pasig. Miaka 15 ni mingi kwa miguu ya mchezaji, na hakuna atakayewapa medali ya nyuma.

Kwa wanaume, FIFA imeandika mataji sita ya Brazili, la mwisho likiwa la Uzbekistani 2024. Kwa wanawake imeandika mwaka mmoja tu, 2025. Ile mingine sita, 2010 hadi 2015, haimo.