Gia Iliyopasuka Njiani Kuelekea Umakonde

Tarehe 21 Novemba 1917 merikebu ya angani ya Kijerumani, L 59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, chini ya nahodha Bockholt. Ilichukua shehena ya tani 15 hivi, zikiwamo risasi na dawa, kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, ambalo wakati huo lilikuwa likisukumwa kutoka pande za Masasi na Newala kuelekea mto Ruvuma.

Wengi husimulia kwamba habari ya uongo ya Waingereza ndiyo iliyokirudisha chombo hicho. Lakini kabla ya kulihukumu jambo hili, yafaa tuitazame gia.

Injini hufanya kazi vema ikizunguka upesi. Pangaboi husukuma vema likiwa kubwa na likizunguka polepole. Kwa hiyo kati yao huwekwa gia ya kupunguza mwendo: gurudumu dogo huzungusha kubwa. Ndivyo ilivyo katika meli nyingi za dizeli, na aina zake hutambulikana kwa meno. Yaliyonyooka hupiga kelele. Ya mshazari hushikana taratibu, ila husukuma mhimili upande. Ya mshazari maradufu huufuta msukumo huo. Katika aina ya sayari, magurudumu madogo hulizunguka la katikati, na nafasi hupungua. Aina yoyote iwayo, kasha ndilo linaloishika mihimili mahali pake. Likipasuka, meno hayakutani sawasawa, na injini haina budi kuzimwa.

Kasha la namna hiyo lilipasuka tarehe 22 Novemba, juu ya jangwa. Injini iliyozimwa ndiyo iliyoipa nguvu redio ya kupeleka habari. Tangu hapo L 59 iliweza kusikia, bali haikuweza kuuliza. Amri ya kurudi ilipopokewa tarehe 23, magharibi ya Khartoum, hapakuwa na njia ya kuihakikisha. Chombo kikageuka, kikatua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757.

Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma huko Ngomano, akiwa na askari Waafrika wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Basi, amri na iwe ya kweli au ya uongo, iliyomnyima nahodha uwezo wa kuipima ni gia; na mizigo ya vita ikaendelea kuchukuliwa vichwani mwa watu.