Gitaa la Bendi, Mikono ya Mpigaji

Katika bendi za dansi za Tanzania, nyingi zikijiita Jazz, gitaa halikuwa mali ya mpigaji. Vivyo hivyo ngoma, saksafoni, tarumbeta na vipaza sauti. Mwanamuziki alipokelewa kwa sauti yake au vidole vyake, akakabidhiwa chombo, na siku akihama alikiacha ukumbini. Nimepiga gitaa la ridhim katika bendi za Dar es Salaam miaka mingi, na wazee waliotutangulia, kila nilipokaa nao, walilitaja hilo kabla sijawauliza lolote kuhusu nyimbo.

Utaratibu huo ulianza zamani. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Tanga ilikuwa na Atomic na Jamhuri, Tabora ikawa na Tabora Jazz yake. Nyingi ziliendeshwa kama vilabu vya vijana: watu walichanga, wakanunua vyombo, na vyombo vikawa vya chama. Uhuru ulipokuja, utaratibu ukakua lakini haukubadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki mshahara. Jeshi, polisi na mashirika ya umma nao wakawa na bendi zao. Mshahara ulikuwa heshima kubwa kwa kazi iliyohesabiwa kuwa ya wahuni, nami siupuuzi. Ila vyombo vilibaki vya mwajiri.

Mzee niliyejifunza kwake zaidi alikuwa mpiga solo wa Tanga. Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye mfuko wa gitaa langu. Alisema alijifunza kwa santuri za Kikuba, akirudisha sindano mahali pale pale mpaka kipande kimwingie. Nyumbani hakuwa na gitaa, kwa hiyo aliwahi ukumbini mchana, kabla ya wenzake, ili apate saa moja peke yake na gitaa la bendi. Usipowahi, alisema, unakuja mazoezini na kichwa kilichojaa na vidole vitupu.

Kisha akaniomba nipige. Nilipiga ridhim ya rumba kama nilivyozoea, nyuzi zote, bila kupumzika. Akanishika mkono.

“Mwanangu, unajaza mno. Ukijaza wewe, mwenye solo ataongea na nani?”

Akalichukua gitaa na kupiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Kipande kifupi, kimya, kipande kifupi tena. Akaniambia niimbe sehemu ya solo mdomoni, nayo ikaingia ndani ya ule ukimya sawasawa. Gitaa la pili, alisema, nalo lina nafasi yake, na besi ina yake. Ndiyo maana wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, mpigaji mmoja akikosekana wachezaji wanajua hata kama hawawezi kusema kilichopungua. Hayo sikuwa nimefundishwa na mtu, ingawa nilikuwa nikizipiga nyimbo za wazee hao kila wiki.

Kwa kuwa vyombo havikuwa vyao, wapigaji walihamahama. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, alikuwa nyota aliyekwisha kupiga hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Wengi walihama bila jina kama lake, wakimfuata mwenye vyombo vipya. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipita Kilwa Jazz, akawa NUTA Jazz tangu 1964, akaenda Mlimani Park mwaka 1978 na Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi kwenye bendi yake ya NUTA, iliyokuja kuitwa Msondo. Alipostaafu mwaka 2013 alisema muziki haukumwachia hata baiskeli. Diamond Platnumz, nyota kijana wa Bongo Fleva, akamzawadia gari. Mwaka uliofuata Gurumo akafariki. Bado inaniuma kwamba sauti iliyoimba nusu karne ilitegemea moyo mwema wa kijana mmoja.

Nyimbo zenyewe pia zilibaki kwa wengine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi zilisafiri kwenda kurekodi Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu, na Radio Tanzania ndiyo iliyobaki kimbilio. Bendi iliingia studio, ikapiga kwa pamoja, mkanda ukahifadhiwa redioni. Mtangazaji alitaja bendi na jina la wimbo. Mpiga gitaa la pili hakutajwa.

Ndiyo maana siku hizi nikimwona mzee wa dansi siulizi kwanza habari za waimbaji. Namchezea wimbo kwenye simu, na kumwuliza ni nani huyu kwenye gitaa la pili, na besi ni ya nani. Mara nyingi hata wimbo haujafika kwenye chemko, jina limeshamtoka, na mimi naandika.