Whakarewarewa: Kijiji Kilichokataa Kuuhama Mvuke

Usiku wa kuamkia Juni 10, 1886, mlima Tarawera huko Nyuzilandi ulilipuka. Watu wapatao 120 walikufa, na tope likakifukia kijiji cha Te Wairoa, makao ya Wamaori wa Tūhourangi. Matuta ya mawe meupe na ya waridi kando ya ziwa Rotomahana, yaliyowavuta watalii kutoka ng'ambo, yakatoweka. Tūhourangi ndio waliokuwa wakiwavusha wageni hao na kuwatoza ada, wakaneemeka hata macho ya sanamu za nyumba yao ya mikutano, Hinemihi, wakayatia sarafu za dhahabu mahali pa kombe za baharini. Usiku ule Hinemihi iliwasitiri walionusurika.

Wengi wao walipokewa na jamaa zao, Ngāti Wāhiao, huko Whakarewarewa, Rotorua. Ungedhani waliokimbia volkano wangetafuta ardhi baridi. Walihamia penye mvuke mwingine, na kizazi hadi kizazi wakautumia kupikia: mahindi hufungwa kwenye mfuko wa kitambaa na kutumbukizwa katika bwawa linalochemka, nyama na viazi huiva ndani ya sanduku la mbao lililowekwa juu ya tundu la mvuke, na maji ya mabafu hupozwa kwanza kwenye mifereji. Kwa Te Arawa, kabila lao kubwa, moto unaotoa mvuke huo uliletwa na miungu kutoka Hawaiki, nchi ya asili ya mababu, baada ya kuhani Ngātoroirangi, akifa kwa baridi mlimani Tongariro, kuwaita dada zake wamtumie moto. Urithi wa namna hiyo haupigwi mnada.

Serikali iliuona kwa jicho jingine. Sheria ya 1953 iliipa haki ya pekee ya kuchimba na kutumia jotoardhi, hata chini ya ardhi ya watu. Mjini Rotorua visima vikachimbwa kwa mamia, vya kupasha joto nyumba na hoteli. Visima hivyo vikapunguza nguvu ya chini ya ardhi, na mwaka 1979 chemchemi ya Papakura huko Whakarewarewa, iliyozoea kurusha maji karibu bila kupumzika, ikanyamaza. Ilibidi mwaka 1986 serikali iamuru kufungwa kwa visima vyote vilivyokuwa ndani ya kilomita 1.5 kutoka Pōhutu, chemchemi jirani iwezayo kurusha maji hadi mita 30. Nguvu ya chini ya ardhi ikaanza kurudi. Papakura yenyewe ilisubiri hadi 2015.

Sheria ya 1991 ikakubali kwamba Wamaori wanaweza kutumia maji moto kwa mila zao, kwa manufaa ya jamii, bila kibali, mradi mazingira hayadhuriki. Mwaka 2009 bunge likapitisha sheria ya kulirejesha bonde la Whakarewarewa kwa wenyewe. Ardhi imerudi, lakini atakaye kuchimba kisima cha biashara Rotorua bado huomba kibali kwa baraza la mkoa.