Subiri boti inayofuata: historia ya adabu na ugomvi kwenye bichi za Ziwa Kivu

Wenyeji pamoja na ninyi mliokimbia makwenu, wiki hii tuzungumze juu ya mahali ambapo wengi wetu tumepita na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wengine wanapaita bandari, wengine bichi. Ni pale pirogi na boti zinapofunga kamba.

Kila anayeishi kando ya Ziwa Kivu amekwisha kuona ugomvi wa bichi. Boti inafika, na kabla haijafungwa wabeba mizigo wanaruka ndani. Wanaotaka kushuka wanasukumana na wanaotaka kupanda. Mwenye pirogi ya samaki anapiga kelele kwamba boti kubwa imemfungia njia. Komisionere wawili wanamvuta mama mmoja, huyu mkono wa kulia, yule mkono wa kushoto. Mtu anatukanwa, kikapu kinaanguka majini, ngumi zinarushwa. Jioni watu wanasema: bichi ndivyo ilivyo.

Si kweli. Bichi zetu zina adabu ya zamani, na adabu hiyo ina historia. Tukiifuata historia hiyo tunaona jambo moja: watu wanavumiliana kwenye maji pale wanapoamini kwamba boti nyingine itakuja. Imani hiyo ikipotea, foleni inavunjika, na foleni ikivunjika watu wanakufa.

Tuanze na adabu yenyewe, kwa kuwa haijaandikwa popote na vijana wengi hawaijui. Anayefika anapewa nafasi kabla ya anayeondoka: kwanza watu washuke, mizigo itoke, ndipo wengine wapande. Aliye nchi kavu akirushiwa kamba anaipokea, hata kama boti si ya ndugu yake. Mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa na wanaosindikiza maiti hawapangi foleni. Mvuvi aliyekesha usiku anaachiwa njia asubuhi, kwa sababu samaki hawangoji jua. Wavu wa mtu haurukwi wala haukanyagwi. Boti yenye mota inapunguza mwendo ikikaribia pirogi, maana mawimbi yake yanaweza kumpindua mwenzake. Na mwenye pirogi akisema imejaa, basi imejaa.

Adabu hii ilianza zamani, kabla ya mipaka. Katika karne ya 19 watu wa pande zote za ziwa walikuwa wanafanya biashara kwa mitumbwi. Upande wa magharibi, hasa kwa Watembo, watu walisuka vikuku vya nyuzi vilivyoitwa butega. Vikuku hivyo vilivushwa hadi Rwanda, vikatumika karibu kama pesa. Mbuzi na vyakula vilipita njia hiyo hiyo ya maji. Watu wa Idjwi, waliokaa katikati ya ziwa, walipata faida kubwa, maana waliyajua maji na walijulikana kila upande.

Biashara ya namna hiyo haikuwezekana bila heshima kwenye bichi. Mtu aliyevuka ziwa hakuwa na polisi wala karatasi. Alikuwa na rafiki upande wa pili, mara nyingine rafiki wa kuchanjana damu, ambaye alimpokea na kumlaza. Aliyemdhulumu mgeni leo alijua kwamba kesho yeye mwenyewe atakuwa mgeni. Mtumbwi uliofukuzwa kwa matusi haukurudi, na bidhaa zake hazikurudi. Ndiyo sababu mtu aliweza kumwambia mwenzake angoje, naye akangoja: wote wawili walijua watakutana tena.

Lakini ziwa hilo hilo lilipitisha vita. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alivusha majeshi yake kwa mitumbwi kuishambulia Idjwi. Kabego, mwami wa kisiwa, aliuawa, na Idjwi ikawa chini ya Rwanda hadi Rwabugiri alipofariki mwaka 1895. Katika miaka kama hiyo mtumbwi unaokaribia pwani hauleti tena mgeni peke yake. Unaweza kuleta adui. Anayesimama nchi kavu hapokei kamba kwanza, anatazama kwanza ni nani. Hofu hiyo tunaijua hata sisi wa leo.

Kisha wakaja Wazungu. Mjerumani von Götzen alifika kwenye ziwa mwaka 1894. Mwaka 1910 Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilipatana juu ya mipaka, na Idjwi ikaingia upande wa Congo ya Wabelgiji. Miaka minne tu baadaye, Septemba 1914, Wajerumani walikiteka kisiwa hicho, na Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916. Mtu aliyekuwa anavuka kumwona shemeji yake akajikuta anavuka mpaka wa dola mbili.

Tangu hapo ziwa likawa na aina mbili za mahali pa kufikia. Kulikuwa na bandari ya serikali, yenye ukuta wa mawe, ofisi na boti za chuma, na kulikuwa na bichi ya watu, yenye mchanga, matope na pirogi. Kwenye bandari sheria ilitoka ofisini. Kwenye bichi sheria ilitoka kwa wazee wa wavuvi. Mpaka leo ugomvi mwingi unazaliwa pale sheria hizi mbili zinapokutana bila kusikilizana. Mwenye karatasi anasema amelipa kodi, kwa hiyo ana haki ya kupita mbele. Mwenye pirogi anasema amefika alfajiri, kwa hiyo zamu ni yake. Wote wawili wana haki yao, na hakuna wa kuamua kati yao.

Jambo lingine lililojaza bichi ni samaki mdogo tunayemjua wote, sambaza. Hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana sana. Ukaja uvuvi wa usiku: pirogi tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zinazowaka juu ya maji. Asubuhi zote zinarudi karibu saa moja, na akina mama wanangoja na mabeseni. Saa hiyo hiyo boti za abiria zinataka kuondoka. Bichi ambayo zamani ilipokea mitumbwi michache sasa inapokea soko zima kwa saa mbili.

Hata hivyo, bichi nyingi zilipata utaratibu bila kuandikiwa na mtu. Wavuvi upande huu, abiria upande ule. Sambaza watoke kwanza, abiria wafuate. Asiyefuata aliitwa mbele ya wazee, akatoa faini, wakanywa pamoja, mambo yakaisha. Ugomvi ulikuwepo, lakini ulikuwa ugomvi wa watu watakaoonana tena kesho.

Kilichovunja utaratibu huo ni vita na barabara. Tangu miaka ya 1990 watu wa Kivu wamejua kukimbia kwa miguu, kwa gari na kwa maji. Barabara ya Goma hadi Bukavu kupitia Sake, Minova na Kalehe imeharibika mara nyingi, na mara nyingi imefungwa na mapigano. Kila inapofungwa, ziwa linabeba kazi yote ya barabara. Mzigo uliokuwa unajaza malori unatafuta nafasi kwenye boti ya mbao.

Tukumbuke Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 viongozi wakaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Wengi walikwenda Sake, wengine wakavuka Rwanda, na wengine wakashuka ziwani kutafuta boti. Siku ile hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kutakuwa na boti nyingine. Mtu anayefikiri kwamba moto unamfuata hawezi kuambiwa asubiri kesho, na tusimlaumu. Lakini tujue kwamba hapo ndipo adabu ya bichi inapofikia mwisho wake: pale ambapo kungoja kunaonekana kama kufa.

Sasa tuzungumze juu ya waliozama. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu wapatao 150 hawajulikani walipo. Akaagiza kwamba kila abiria avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti nyingine, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma. Wakati ule barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na mapigano tangu mwanzoni mwa mwaka, na waliotaka kufika mjini hawakuwa na njia nyingine ila maji. Makumi ya watu walifariki. Boti ilikuwa imekaribia kufika. Watu waliokuwa nchi kavu waliiona kwa macho yao ikilala upande na kuzama.

Boti inayozama karibu na bandari ya kufikia imeanza kuzama kwenye bichi ya kuondokea. Inaanza pale abiria wa mwisho anapoingia, kisha wa mwisho mwingine, na hakuna anayeweza kusema basi akasikilizwa. Kapiteni anaogopa mwenye boti. Mwenye boti anahesabu pesa ya mafuta na kodi. Komisionere analipwa kwa kichwa. Abiria aliye ndani anaona hatari, lakini anaona haya kumkataza mama aliye nje na mtoto mgongoni. Na yule mama anajua kwamba akibaki, huenda atalala nje, mahali ambapo risasi zinasikika.

Mnaona sasa kwa nini nasema adabu hii si mambo ya tabasamu tu. Zamani neno «subiri» lilikuwa na nguvu kwa sababu lilikuwa na ahadi ndani yake: utavuka, sitakuacha. Leo tunamwambia mtu asubiri bila kumpa ahadi yoyote. Jile ni kitu kizuri, na agizo la mwaka 2019 lilikuwa la haki, lakini jile halipunguzi watu ndani ya boti. Kinachowapunguza ni abiria kuamini kwamba boti ya pili ipo.

Januari 2025, mapigano yalipofika Minova na baadaye Goma, tuliona tena boti zilizojaa watu, magodoro, mbuzi na masufuria. Kisha usafiri wa ziwani ukasimama kwa muda, na familia nyingi zikagawanyika, baba upande huu, watoto upande ule. Katika siku zile nilisikia kwenye bichi maneno ambayo ni lazima niyaseme, hata kama yanauma. Watu waliokimbia waliitwa wasumbufu. Walisemwa kwamba wamejaza bichi, hawajui zamu, wanapandisha bei. Nao waliokimbia wakajibu kwamba wenyeji wamegeuza shida yao kuwa biashara.

Kwa wenyeji nasema hivi: aliyetoka milimani hajui kwamba sambaza wanatoka kwanza, hajui wavu haukanyagwi, hajui boti ya mota ina upande wa kupandia. Hajafundishwa. Mfundisheni kama mgeni wa zamani alivyofundishwa na rafiki yake wa ng'ambo. Wengi wenu ni watoto wa watu waliopokelewa kwa namna hiyo.

Kwa ninyi mliokimbia nasema: kabla ya kupanda, uliza kama kuna boti nyingine na saa yake. Toa jina lako na majina ya watoto wote yaandikwe kwenye orodha, kwa sababu asiyeandikwa hatafutwi. Dai jile kabla ya kulipa. Waacheni wanaofika washuke. Mkipanda, msikimbilie wote upande mmoja boti inapokaribia kufika. Hamu ya kushuka imepindua boti nyingi zilizokuwa salama.

Kwa wenye boti na viongozi wa bandari nasema jambo moja tu. Msianze na fimbo. Andikeni kwenye ubao idadi ya watu boti inayoweza kubeba, na saa ya boti inayofuata, kisha mfuate mlichoandika. Zamu ikiheshimiwa siku kumi, siku ya kumi na moja watu wataipanga wenyewe.

Butega zimekwisha kutoka mikononi mwetu, na bami waliopigania bichi hizi wamelala. Ziwa limebaki, na kamba imebaki. Kesho alfajiri mtu atairusha kutoka kwenye boti. Ukiwa nchi kavu, ipokee, hata kama humjui aliyeirusha. Kisha simama pembeni, wenzako washuke.