Sandarusi: Utomvu wa Pwani Uliong'arisha Samani za Ng'ambo

Sandarusi ni utomvu ulioganda wa msandarusi, mti mrefu wa ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Gome lake likichubuka au likitobolewa na wadudu, utomvu huchuruzika na kushika chochote unachokikuta, awe sisimizi, liwe jani, kisha hukauka ukawa kama kioo cha rangi ya asali. Anayemimina resini nyumbani siku hizi ili apate picha au meza inayong'aa hutumia kemikali za kiwandani, lakini tabia anayoitafuta ni ileile: kitu kinachoanza kama uji, kikawa kigumu, na kufungia kilichozama ndani yake.

Mbali na pwani, kwa mfano Bariadi na Maswa mkoani Simiyu, Tanzania, hakuna msandarusi. Nyika za Simiyu ni za migunga, na baadhi ya migunga hutoa gundi. Vitu hivi viwili huchanganywa sana kwa kuwa vyote hutoka kwenye gome. Gundi ya mgunga ikitiwa majini huyeyuka. Sandarusi ikilazwa majini mwaka mzima hutoka kama ilivyoingia. Kwa hiyo gundi ikawa ya kugandishia karatasi na kutia katika dawa, na sandarusi ikawa ya kukinga ubao na unyevu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walioshuka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walitoka nchi ya gundi wakaingia nchi ya sandarusi.

Wafanyabiashara wa Unguja walitofautisha aina mbili. Ya kwanza ni chakazi, utomvu mbichi uliobanduliwa mtini au kuokotwa chini yake. Chakazi ni laini, na sehemu kubwa ilipelekwa Bara Hindi na China kwa vanishi za bei rahisi. Wazungu walilisikia neno hilo wakaligeuza kuwa neno la Kiingereza la punda dume, jina lisilohusiana na utomvu hata kidogo, nalo likaingia vitabuni likabaki humo. Aina ya pili, iliyotafutwa hasa, ni sandarusi iliyokaa ardhini kwa mamia au maelfu ya miaka mpaka ikakomaa. Pande lake likitolewa udongoni huwa na ganda chafu lisiloonyesha kitu. Likishaoshwa, hutokea vipele vidogo juu yake kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyovitazama kwanza.

Kilichowatatiza wageni ni kwamba sandarusi nzuri ilichimbwa mahali ambapo msandarusi haukuwepo tena. Jibu lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1860 kwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa Unguja. Alichunguza majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vya kuchimbwa, akaona ni ya mti uleule uliokuwa ukiota pwani wakati wake. Misitu ilikuwa imetoweka, utomvu wake ukabaki mchangani.

Uchimbaji ulifanywa na wenyeji, hasa Wazaramo na majirani zao kusini hadi bara ya Kilwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika kwa dharau kuhusu uvivu wa wachimbaji, ingawa maelezo yake mwenyewe yanaonyesha watu waliojua wanachokifanya: kijembe kidogo, shimo jembamba, udongo ukitolewa kwa mkono hadi pale mkono unapoishia, kisha wanahamia penginepo. Kwa mkulima mwenye shamba la kupalilia, sandarusi ilikuwa kazi ya ziada ya kupata nguo na shanga, na hakuna sababu ya kumtaka aishi shimoni. Mzigo uliuzwa kwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, katika miji ya pwani, ukavushwa kwa majahazi hadi Unguja na kupimwa kwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16.

Mnunuzi mkubwa alikuwa Mmarekani. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba, ndiyo merikani inayojulikana hadi leo, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Salem, Jonathan Whipple alifungua kiwanda cha kusafisha sandarusi kwa kuiosha katika maji ya magadi ili kuondoa ganda.

Safari iliishia kwa watengeneza vanishi. Sandarusi ya kuchimbwa haikubali kuyeyuka hivihivi ndani ya mafuta. Ilipikwa kwanza peke yake kwenye moto mkali, kwa joto la nyuzi 300 au zaidi, ikapungua uzito kwa moshi, ndipo mafuta ya kitani ya moto yakamiminwa na mwisho tapentaini ya kuifanya nyepesi. Moto ulikuwa hatari ya kila siku ya kazi hiyo. Kilichopatikana kilipakwa kwa tabaka nyembamba juu ya samani, magari ya farasi na mabehewa ya reli, na kwa ugumu wa mng'ao wake sandarusi ya Unguja ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa.

Biashara hiyo haikufa kwa siku moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliidhoofisha Salem, na nyumba za biashara za Hamburg zikachukua nafasi. Baadaye bei ya mpira ilipopanda, wachimbaji wengi waliacha vijembe wakaenda kugema mpira wa porini. Serikali ya Kijerumani, iliyotawala pwani hiyo wakati huo, nayo ilitoa sheria ya misitu mwaka 1904 na kufunga maeneo ambayo watu waliyazoea. Soko la dunia lilikuwa na utomvu mwingine wa kutosha kutoka Kongo na New Zealand.

Pigo la mwisho lilitoka maabara. Mkemia Leo Baekeland alitengeneza plastiki ya bakelaiti mwaka 1907. Mwaka 1938 Pierre Castan wa Uswisi aliomba hataza ya resini ya epoksi, na Sylvan Greenlee akafanya kazi kama hiyo Marekani katika miaka ya 1940. Epoksi haipikwi. Resini huchanganywa na kigumishi kwa kipimo kamili, mchanganyiko hujipasha joto wenyewe, na kwa siku moja hadi tatu huwa umekauka.

Msandarusi bado unaota katika mabaki ya misitu ya pwani. Vipande vya sandarusi vyenye wadudu huuzwa kwa wakusanyaji, na wauzaji wengine huviita kaharabu, ambayo umri wake ni mamilioni ya miaka. Kipimo cha haraka ni tone la asetoni: sandarusi kwa kawaida hunata kidoleni, kaharabu hainati.